Mdakaji Anayekimbia Nyuma

Siku ile ya Louisville bado naikumbuka vizuri, mwanangu Tumaini, kwa sababu ndiyo siku niliyoambiwa usoni kwamba nachosha. Nakusimulia leo maana Jumatatu unakwenda kutoa mhadhara wa kuombea kazi, na mama yako amenidokeza kwamba umeiondoa kwaya ya wazee wa Tonawanda, mji wa hapa jirani, kwenye mada yako, eti si mambo ya kisomi. Kaa hapa na shangazi yako kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamivu na kibali changu cha kukaa hapa Marekani kilikuwa ukingoni. Chuo kimoja cha Columbus kiliniita nikazungumze mbele ya maprofesa wao. Wakinipenda, napata kazi ya kufundisha sera za familia. Wasiponipenda, mimi na mume wangu, mjomba wako, tunafunga mizigo na mtoto wetu mchanga, tunarudi Dodoma. Basi nikajifungia kuandika, nikatafuta maneno mazito mazito, mengine hata mimi mwenyewe siyapendi.

Jirani yetu alikuwa Mama Zawadi, Mkongo wa Bukavu, mwalimu mkuu mstaafu, na ukali wake haukustaafu naye. Ndiye aliyekuwa akikaa na Baraka wangu nikienda maktaba. Nikamwomba anisikilize nifanye mazoezi. Akaketi jikoni kwangu, mtoto mapajani, nikasoma. Nilipoinua macho, mtoto alikuwa amelala fofofo na yeye anapiga miayo bila kujificha.

"Mama Baraka, bon, hii maneno iko ya nani? Yako ao ya kitabu?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani.

Nikamwambia hiyo ndiyo lugha ya wasomi, ndivyo wanavyotaka.

"Donc nao watalala, sawa vile huyu mutoto. Lakini jana ulinielezea ule mupira yako mupaka chai yangu ikapoa. Ulikuwa unaruka hapa mbele ya jiko! Kwa nini ile moto haiko mu kazi yako?"

Mpira wenyewe ni besiboli, na najua nyie watoto mnanicheka kwa hilo. Majira yangu ya kwanza ya joto pale Louisville, chumba chetu kilikuwa tanuri, tukaenda uwanjani kufuata upepo wa mto tu. Mjomba wako alisinzia. Mimi macho yangu yakamwangukia mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, barakoa ya chuma usoni. Mpira ukipigwa chini chini, mwenzake huuokota akaurusha kwenye kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia. Basi mdakaji huinuka na mavazi yake yote mazito, akakimbia kuelekea huko huko, akae nyuma endapo mpira utampita anayeupokea. Mara nyingi haupiti. Anarudi zake taratibu, anachuchumaa tena, na hakuna anayempigia makofi. Nilimpenda siku hiyo hiyo, na mchezo wake naupenda hadi leo.

Sasa tazama, mwanangu. Utafiti wangu ulihusu akina bibi, mashangazi na majirani wanaolea watoto wasio wao ili wazazi waweze kufanya kazi, watu ambao sheria za likizo na malezi haziwatambui. Kumbe nilikuwa namwandika mdakaji! Na mwingine alikuwa ameketi jikoni kwangu na mwanangu mapajani. Nilicheka peke yangu, kisha nikazichana kurasa zote za mwanzo.

Columbus nilisimama na lafudhi yangu ya Dodoma mbele ya watu waliozaliwa na besiboli, nikaanza kuwaeleza habari za besiboli. Mbele alikaa profesa mmoja mzee akichezea simu. Nilipofika kwa mdakaji, akaiweka chini. Nikawaambia kwamba huyu anayekimbia nyuma sheria zetu hazimjui, na siku asipokimbia ndipo tunashangaa familia imeangukaje. Mwishoni yule mzee akaniuliza, "Na kwako wewe, nani anakimbia nyuma?" Nikamjibu kwamba yuko Louisville, amempakata mwanangu, na amenikataza kurudi bila kazi. Ukumbi wote ukacheka. Kazi nikaipata.

Acha nijisifu, umri unaniruhusu. Miaka tuliyokaa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, nilifundisha vijana ambao leo nao ni maprofesa, na kila darasa nililipeleka uwanjani likamtazame mdakaji. Nilipohamia hapa Amherst, kando ya Buffalo, nilikuja kwa jina langu na kwa utafiti wangu, sikubebwa na mtu. Na kiangazi kilichopita, uwanja wa Buffalo ulipotaka mtu wa chuo arushe mpira wa kufungulia mchezo, wanafunzi wangu walinitaja mimi. Baraka akaendesha gari kutoka Louisville kumleta Mama Zawadi, na fimbo yake na kitenge chake kipya. Nikarusha. Mpira uligonga chini, ukampita mdakaji, ikabidi aufukuze! Mama Zawadi alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka, na mimi nilifurahi kuliko siku niliyopewa uprofesa.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, irudishe ile kwaya. Umekaa na wazee wale kila Jumapili, umeona wanavyochangamka wakiimba, na ndiyo maana ukaamua kusomea afya ya wazee. Ukiificha, utabaki na maneno ya vitabu, na hayo waliokualika wanayo tayari. Usome sana, ujiandae sana, halafu uende na kile unachokipenda bila kukionea haya. Na wataje waliokulea, wataje kwa majina.

Najua utanijibu, "Okay, Auntie," ukidhani nimemaliza. Bado. Mungu akufungulie kinywa chako, akupe watu wa kuweka simu zao chini wakusikilize, na akurudishe kwetu ukicheka. Nenda, Tumaini wangu. Mpira ukikuponyoka, shangazi yako niko nyuma, nimeshaanza kukimbia.