Punda Aliyepimwa kwa Futikamba

Majirani walimwita Bi Futikamba kwa sababu futikamba haikubanduka shingoni mwake hata akienda sokoni. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuuliza. Ukimpelekea suruali atie kiraka, sharti kwanza umweleze kwa nini limechanika goti hili na si lile.

"Nguo haichakai bure," alikuwa akisema. "Huchakaa kwa tabia ya mwenyewe."

Kila asubuhi aliletewa maji na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shemeji aliuza maji mtaani, na madumu yake yalibebwa na punda wa kijivu aliyeitwa Mheshimiwa, eti kwa kuwa alitembea kwa madaha na hakujibu swali la mtu.

Siku moja Bi Futikamba aliona inzi wamejazana mgongoni mwa Mheshimiwa. Akainua pembe ya gunia alilotandikwa, akakuta kidonda kibichi, kando kidogo ya uti wa mgongo, upande wa kulia.

"Shemeji, nini hiki?"

"Kachubuka kidogo tu. Si unajua walivyosema wahenga, punda afe mzigo ufike."

"Haya, akishakufa, mzigo utafikishwa na nani? Wewe?"

Shemeji alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Jioni ile alimwita daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira na sauti ya upole. Daktari alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakipaka dawa, akaagiza punda apumzike mpaka ngozi ifunge.

"Na gunia mlitupe," akasema. "Anahitaji tandiko la maana. Mzigo ukae kwenye nyama za mbavu, uti wa mgongo usiguswe na kitu."

"Usiguswe kabisa?" Bi Futikamba aliuliza, na macho tayari yalikuwa yakipima.

Kesho yake alimpima Mheshimiwa kama anavyompima mteja yeyote: kifua, tumbo, kutoka mabegani hadi kiunoni. "Simama wima, baba, usibane pumzi," alimwambia.

"Muulize kama anataka na mfuko wa nyuma," shemeji akadakia.

Alimshonea mito miwili mirefu ya turubai iliyojazwa sufi, imeunganishwa kwa mikanda juu, katikati pakiwa na mfereji ambamo uti wa mgongo ulipita bila kuguswa. Kidonda kilipopona, Mheshimiwa akarudi kazini na vazi lake jipya, watu wakasimama kumtazama. Lakini haukupita muda, kidonda kikarudi. Palepale.

"Fundi," shemeji alisema, "nguo imembana mteja."

Mwingine angeona haya. Bi Futikamba aliwashwa na udadisi. Alilitandaza lile tandiko mezani, akaliinamia kama msomaji wa kitabu. Mto wa kulia ulikuwa umesuguka ukingo wa ndani, nyuzi zimeanza kutoka. Mto wa kushoto ulikuwa mzima kama ulivyotoka kwenye cherehani. Kwa hiyo tandiko lilikuwa likivutwa kushoto, mto wa kulia ukapanda uti wa mgongo na kuukwaruza. Nani alikuwa akilivuta?

Punda alipopona tena, Bi Futikamba aliwafuata yeye na shemeji hadi bombani, akajifanya amekuja kusuuza ndoo. Shemeji aliinua madumu ya kushoto kwa mkono wa kushoto, akiyasukuma kwa goti, akayaning'iniza. Kisha akazunguka upande wa kulia, akasimama. Hakuinua kitu. Alimsalimu mpita njia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mheshimiwa muda wote huo kasimama na mzigo wa upande mmoja, tandiko likiteleza. Mwishowe shemeji akamwambia yule mtu, kana kwamba limemjia ghafla, "Hebu nipandishie haya, ndugu yangu."

Bi Futikamba aliweka ndoo chini. "Shemeji, inua mkono wa kulia."

"Kwani napiga kura?"

"Inua nione."

Mkono ulifika usawa wa kifua, ukakwama. Uso wake ukajikunja kwa maumivu.

"Niliteleza hapa hapa, msimu wa mvua," alisema polepole. "Mdogo wako hajui. Akijua atasema tumuuze punda nikae nyumbani. Nikikaa nyumbani nitakuwa nani? Mkono wangu wa kulia sasa ni huyu. Nikichoka kwenye kile kilima namwegemea, naye ananivuta, hata hageuki kunitazama."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Alimwambia mwenyewe. Mdogo wake Bi Futikamba alifoka siku nzima, kisha asubuhi akajifunga kanga kiunoni akaenda naye bombani. Wakawa wanapakia kwa pamoja, mmoja huku, mwingine kule, dumu kwa dumu. Safari hii kidonda hakikurudi, manyoya yakaota mahali pake.

Hospitalini, shemeji aliambiwa bega limekakamaa, awe akitambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Alijaribu, akaona ukuta hauna stori. Akachukua burashi, akaanza kumsugua Mheshimiwa kwa mkono ule ule mbovu: kwanza tumboni, wiki zikipita akafika mbavuni, akapanda mgongoni. Siku alipofika nyuma ya masikio, alimwita mkewe atoke jikoni aje aone.

Bi Futikamba naye alikuwepo, na kuna jambo lilimshangaza. Burashi ilipopanda, punda aliinamisha shingo, mkono wa shemeji ukafika bila kujinyoosha sana.

Alimtafuta daktari wa mifugo. "Punda akiinama hivyo, anamsaidia shemeji, au anajisikia raha tu?"

Daktari aliwaza kidogo. "Raha najua anaisikia. Hilo lingine, mimi sijui."

"Nani anajua?"

"Hamna," alisema daktari. "Labda ukae umwangalie."

Bi Futikamba akaenda kutafuta kigoda.