Swichi Iliyofungwa kwa Waya

Fundi umeme wa kiwanda kile cha sabuni hakuwa mtu wa kulipua kazi. Wenzake walimwita Mama Nyaya, naye aliitika. Kuliko mota zote kubwa, alivipenda visanduku vya chuma vidogo kama kipande cha sabuni, kila kimoja na mkono mfupi wenye kigurudumu kwenye ncha. Hizo ni swichi za ukomo: kitu kikifika mahali pake hukisukuma kigurudumu, mkono ukainama, na ndani ya kisanduku umeme ukapita au ukakatika. Moja iliizuia ndoano ya winchi isipande ikagonga boriti. Nyingine iliisimamisha lifti ya mizigo sawasawa na sakafu. Ile ya pipa la kuchanganyia ililinda watu. Kifuniko kilipofungwa, kiliubana mkono na mapanga ya ndani yakazunguka. Kilipoinuliwa hata kidogo, springi iliurudisha mkono na mapanga yakasimama.

Kwenye pipa hilo alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe, waliyeishi naye nyumba moja, mwenye mdomo usio na breki. Bawaba za kifuniko zilikuwa zimelegea. Mashine ilipotetemeka kifuniko kiliruka, pipa likasimama, na msimamizi wa zamu akaanza kumfokea wifi.

"Wifi, hilo lidude lako lina wivu kama mke mwenza," alilalamika. "Nikipumua tu, linasusa."

"Lina akili kukushinda. Kibovu ni kifuniko. Nimeshaomba bawaba mpya."

"Bawaba zitakuja nikiwa bibi. Lifunge kidogo, huyu bwana amenipanda kichwani tangu asubuhi."

Msimamizi, aliyesimama papo hapo, akatazama dari. "Mimi sijasikia kitu," akasema. "Ila sabuni lazima itoke."

Mama Nyaya akachukua kipande cha waya, akaubana ule mkono wa swichi. Tangu hapo, kwa swichi ile, kifuniko kilikuwa kimefungwa daima. Alijiambia ni ya siku mbili tatu tu. Bawaba hazikuja, na waya ukazoeleka kama sehemu ya mashine.

Kwa muda wifi alikumbuka kuzima mota kabla ya kuinua kifuniko. Kisha siku moja donge la sabuni likayabana mapanga, yakaonekana yamesimama, na mazoea ya zamani, ya kuinua kifuniko tu bila kuzima mota, yakamtangulia. Aliingiza mkono kulitoa. Donge lilipoachia, mapanga yakazunguka, yakaondoka na vidole vyake vitatu.

Kikao cha kuchunguza ajali kilipoitishwa, waya ulikuwa umeshaondolewa, na msimamizi alikuwa ameketi karibu na meneja.

"Fundi, swichi ilikuwa nzima?" meneja akauliza.

"Nzima," Mama Nyaya akajibu. Neno lenyewe halikuwa la uongo, ila la waya hakulisema.

Wifi, mkono ukiwa umefungwa bendeji, alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia meneja. "Ni uzembe wangu."

Wakamwachisha wifi kazi. Pale kiwandani mashine iliposimama alitafutwa mfanyakazi wa kulaumiwa, na mfanyakazi alipokatwa vidole alitafutwa yeye yule. Hakuna aliyetumwa kutafuta bawaba.

Wiki kadhaa baadaye, Mama Nyaya aliingia ofisini kwa meneja akasema yote: nani aliufunga waya, nani aliyekuwa amesimama pale. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia suala hilo limekwisha. Mchana huohuo Mama Nyaya, naye amefukuzwa, alikabidhi vifaa vyake getini. Msimamizi alibaki na zamu yake.

Nyumbani Mama Nyaya alimkuta wifi ameketi kitandani, akamweleza.

"Kwa hiyo sasa tumekaa wote humu ndani tunatazamana," wifi akasema. "Umenisaidia nini?"

"Sikutaka waendelee kusema ulikuwa mzembe."

"Siku ya kusema ilikuwa ile, wifi. Mimi ndiye niliyekuomba uufunge, nisingekuruka. Nilikutazama, nikakungoja. Uliposema 'nzima', nikajua niko peke yangu."

Mama Nyaya hakuingia. Alibaki amesimama mlangoni, asijue kama anaruhusiwa kuketi.

Wifi alichukua kitana kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akamnyooshea bila kumtazama. "Nywele zimejisokota tangu juzi," akasema. "Na usinivute."