Hati ya Mzee Ebenezeri Iliyogawanywa kwa Mkasi

Saa tatu asubuhi, Mwika. Ukungu bado haujaondoka migombani. Aikande Lyatuu amevua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya kipande cha karatasi ili upepo usikichukue. Kipande cha pili amekibana kwa kikombe cha chai. Katikati ameacha nafasi ya upana wa vidole vinne, kwani hapo panahitajika kipande cha tatu, nacho hakipo.

"Mzee, hiki cha katikati kiko wapi?" anauliza.

Mzee Ebenezeri Mshiu, mwenye miaka sabini na minne, anakohoa. Anamtazama ng'ombe wake bandani kana kwamba ndiye aliyeulizwa. "Kiko kwa Filemon. Mabogini."

"Na ndicho chenye namba?"

"Ndicho chenye namba. Na mhuri."

Aikande anashika kichwa kwa mikono miwili. Leo ni Jumatano, na mwisho wa kupokea karatasi za namna hii ni keshokutwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Karatasi yenyewe ni hati ya hisa mia sita, alizonunua Mzee Ebenezeri mwaka 1998 kwa fedha za kahawa, na imekatwa vipande vitatu kwa mkasi wa cherehani wa mkewe. Msomaji anaruhusiwa kucheka. Sisi tulicheka, mpaka Aikande alipotutazama tukanyamaza.

Aikande ana miaka arobaini na sita na watoto wawili. Alikuwa karani katika ofisi moja ya ushirika mjini Moshi hadi mwaka 1995, walipopunguzwa kazini watu thelathini na mmoja kwa siku moja. Mafao yake yaliisha kwenye ada za shule na bati za nyumba. Alikaa akiuza maziwa kwa miaka mitatu, kisha dalali mmoja wa hisa, Basili Kimaro, mwenye chumba kimoja cha ofisi ghorofani karibu na soko la Moshi, akamtafuta. Alitaka mtu anayejua kusoma fomu na asiyeogopa milima.

"Milima siogopi," Aikande anasema. "Naogopa mbwa."

Tangu hapo anapanda na kushuka vijijini na begi lake la bluu. Watoto wa Mwika wanamwita Mama Hisa. Kwa kila fomu iliyokamilika analipwa shilingi mia tano, na mwezi mzuri anapata fomu themanini. "Robo ya hizo inaliwa na viatu," anasema huku akiinua mguu kutuonyesha soli. Lakini kazi anaipenda, tena anasema hivyo bila kuulizwa.

Mwaka huu kazi imekuwa nyingi kwa sababu ya kanuni mpya. Zamani mtu akiuza hisa, karatasi yake ilisafiri. Ilitoka Mwika ikaenda kwa dalali, ikaenda Dar es Salaam, ikaenda kwenye kampuni, jina la muuzaji likafutwa na la mnunuzi likaandikwa, na mwezi ukapita muuzaji akiulizia fedha yake. Sasa karatasi zinakusanywa zote mahali pamoja, kwenye hifadhi ya hisa huko Dar es Salaam. Mwenye hisa anafunguliwa akaunti. Akiuza, hisa zinatoka akaunti yake na kuingia ya mwenzake ndani ya siku tano za kazi, na siku hiyohiyo analipwa. Asiyerudisha karatasi kabla ya tarehe iliyowekwa haambiwi kwamba amepoteza mali yake, lakini hawezi kuiuza wala kumpa mtu, mpaka apite mlolongo wa viapo na matangazo ya gazetini ambao Basili anasema hamwombei hata adui yake.

Kuwaeleza wakulima haya si mchezo. Siku za mwanzo Aikande alifananisha hifadhi hiyo na ghala la chama cha msingi: unapeleka kahawa yako, unapewa stakabadhi, kahawa haiko tena nyumbani kwako ila ni yako.

"Weee! Walinicheka nusu ya kunifukuza," anakumbuka. "Bibi mmoja akaniambia, mwanangu, kahawa nilipeleka, malipo ya pili nasubiri hadi leo, na sasa unataka na karatasi?"

Mfano huo akauacha. Siku hizi anasema tu kwamba karatasi huliwa na mchwa na jina lililoandikwa kwenye kompyuta haliliwi. Hapo wanamwelewa, maana mchwa wanawajua.

Lakini upo mfano mwingine alioutoa zamani, na huo ndio uliomleta hapa leo. Mwaka 1998, alipokuwa akiwauzia watu hisa kwa mara ya kwanza, Mzee Ebenezeri alimuuliza hisa ni kitu gani hasa. Aikande akajibu, "Baba, hisa ni kama kihamba. Ni chako, hakihamishiki, na uzeeni utawagawia watoto."

Kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na kwa Wachagga kukigawa ni jambo la baba, analifanya mbele ya watoto. Mzee Ebenezeri aliusikia ule mfano, akautunza. Krismasi ya mwaka juzi, watoto wote walipokuwa wamerudi nyumbani na mbuzi amekwisha kuliwa, aliwaita wanawe watatu wa kiume sebuleni. Mathew, mkubwa, alikwisha kupata kihamba cha juu. Godbless, kitinda mimba, anarithi nyumba ya baba kama desturi inavyotaka. Filemon wa katikati hakubakiziwa ardhi, ndiyo sababu alishuka tambarare ya Mabogini kulima mpunga. Basi mzee akatwaa mkasi. Kipande cha kushoto akampa Mathew, cha kulia Godbless, na cha katikati, chenye namba na mhuri wa kampuni, akampa Filemon ili kumfuta machozi.

"Nilikipima kwa rula," anasema mzee. "Sikumdhulumu mtu."

Aikande anachukua saa yake na kuivaa. Baadaye, tukitembea kuelekea barabarani, anasimama ghafla. "Ni mimi," anasema. "Yule mzee hakukosea. Alifanya nilichomwambia. Nimewaingilia watu nyumba zaidi ya mia tatu na mfano wangu wa kihamba, nikijiona hodari! Kipande kile kikikosekana, nitarudi vipi Mwika?"

Mchana wa siku hiyo Basili alipiga simu Dar es Salaam. Jibu lilikuwa kwamba hati iliyokatwa itapokelewa ikiwa vipande vyote vipo, namba inasomeka, na mwenye hati amekuja mwenyewe kwa dalali na kiapo cha wakili. Bila kipande chenye namba, hapana.

Alhamisi asubuhi Aikande alishuka Mabogini. Ndani ya begi, pamoja na fomu, alikuwa na jani la isale alilolichuma mpakani mwa shamba la Mzee Ebenezeri na kulizungushia gazeti lililoloweshwa maji, kwani joto la tambarare lingelinyausha. Isale ni jani ambalo Mchagga akitaka kuomba radhi humpelekea aliyemkosea, na Aikande, pamoja na kuwa mzee wa kanisa Jumapili, anasema hili halina ugomvi na dini.

Filemon Mshiu tulimkuta nyumbani, nguo zimerowa hadi magotini. Alitukaribisha vizuri, akamwita mkewe alete maji ya kunywa. Kipande kilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, kando ya picha ya harusi.

"Dada Aikande, najua kilichokuleta," alisema. "Godbless amenipigia simu ya duka. Sikitoi."

"Nisikilize kwanza, kaka."

"Nisikilize mimi. Mathew ana kihamba. Godbless ana nyumba. Mimi nilipewa nini na baba? Nilipewa hiki. Wageni wakija nawaonyesha, nawaambia, baba yangu hakunisahau. Halafu uje ukibebe ukipeleke Dar es Salaam?"

Aikande alitoa jani, akalishika kwa mikono miwili. "Kaka Filemon, mimi ndiye niliyemwambia baba hisa ni kama kihamba. Nilimpotosha, naye akawapotosha ninyi. Kipande hiki kikiwa peke yake hakina hisa hata moja. Si hiki wala vile viwili. Ukienda nacho kwa Basili leo, hupati kitu."

Filemon aliitazama fremu ukutani. Maji yalisikika yakipita kwenye mfereji nje.

"Kwa hiyo mwaka na nusu nimetundika karatasi tupu," alisema.

"Ndiyo. Na kosa ni langu, nimekuja kukuomba radhi."

Alilitazama jani, akaupangusa mkono kwenye suruali, akalipokea. "Umeniletea isale, nitakataaje?" Aikande aliponyoosha mkono kuelekea ukutani, akamzuia. "Wewe sikupi. Kesho nina zamu ya maji. Nikimaliza nitakileta mwenyewe."

Ijumaa saa saba mchana, Mzee Ebenezeri, Mathew na Godbless walikuwa wamekaa kwenye benchi katika chumba cha Basili, wamevaa koti kila mmoja. Saa nane Filemon hakuwa amefika. Saa nane na robo Aikande aliteremka ngazi mara ya nne kutazama barabara. Mzee alikuwa ameinamia bakora yake. "Amekataa," alisema. "Na ningekuwa mimi ningekataa."

Saa nane na dakika ishirini Filemon aliingia, tope la mpunga likiwa limekauka miguuni, fremu kwapani imefungwa kwa kanga ya mkewe. Baiskeli yake ilipata pancha njiani, akaisukuma nusu ya safari. "Shikamoo baba," alisema. Mzee aliitikia marahaba na kumsogezea nafasi kwenye benchi.

Basili alivipanga vipande vitatu juu ya karatasi ngumu. Kona ya kile cha Godbless ilikuwa imeliwa na mende. Aliinama, akasoma namba tarakimu moja moja, akalinganisha na orodha yake. "Inasomeka," alisema. Aikande alikaa chini kwenye sakafu, jamani, mtu mzima, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basili akaeleza kilichobaki. Hisa mia sita zingeingia leo kwenye akaunti ya mzee, kisha zingehamishiwa kwenye akaunti za watoto, mia mbili kila mmoja, kila mmoja na jina lake. Hakuna tena cha kukata. Filemon aliomba aonyeshwe jina lake kwenye fomu, akalisoma kwa sauti.

Mzee Ebenezeri alikuwa ameishika fomu ile mbali na macho, kama wanavyofanya wasio na miwani. "Basili, hapa inauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike."

"Inauliza, Mzee. Ila jibu lolote halibadilishi kitu."

"Halibadilishi?"

"Hata kidogo. Hisa zinakwenda kwa yeyote uliyemwandika."

Mzee aliirudisha fomu mezani. "Basi lete nyingine. Ya Doris."

Doris ndiye mtoto wake wa kwanza, dada yao wote, ameolewa Masama. Krismasi ile ya mkasi alikuwepo. Alikuwa jikoni akiwapikia watu ishirini na wawili, na hakuna aliyemwita sebuleni.

"Lakini baba, Doris ameolewa," Godbless alisema taratibu. Mathew aliangalia ukuta. Mia sita kwa wanne ni mia na hamsini. Kila mtu chumbani alikwisha kupiga hesabu hiyo.

Filemon ndiye aliyejibu, kanga ya mkewe ikiwa bado mkononi. "Andika," alimwambia Basili. "Mimi najua ilivyo kurukwa."

Mathew alitikisa kichwa kukubali, kisha Godbless. Hati ikapokelewa ikiwa imebaki dakika kumi na mbili.

Aikande ana mipango yake. Anataka meza yake mwenyewe pale Mwika sokoni siku za gulio, watu wamfuate yeye badala ya yeye kuwafuata, na viatu vipumzike. Binti zake wawili amekwisha kuwafungulia akaunti, hisa ishirini kila mmoja. Mifano ameapa kwamba hataitoa tena, ingawa tulimsikia kwenye ngazi akimwambia mama mmoja kwamba hifadhi ni kama debe lenye kifuniko, kisha akajiziba mdomo.

Leo, Jumamosi, anakwenda Masama kuchukua sahihi ya Doris. Doris hajui lolote, na Aikande ametuomba habari hii isitoke kabla hajafika. Tumemkubalia.

Jana jioni Mzee Ebenezeri alimfuata Aikande hadi kituoni, pumzi ikimpanda. Alikuwa amerudi Mwika, akachuma isale mwenyewe mpakani mwa kihamba, akashuka nalo tena mjini, limezungushiwa gazeti lenye maji. Alimkabidhi alitie begini pamoja na fomu.

Aikande alimuuliza amwambie nini Doris atakapompa. Hajapata kusikia baba akimpelekea binti yake isale.

"Usimwambie kitu," mzee alisema. "Mpe hilo kwanza, fomu baadaye."