Dakika Tatu za Mifuko ya Punda

Kwenye daftari langu siku ile imeandikwa hivi: Alhamisi, tarehe 21 Machi. Mvua toka alfajiri mpaka saa tatu, halafu ukungu umeshuka kutoka msituni, tope jekundu mpaka kwenye ngazi za ofisi. Chini yake nimeandika "Leo pichi", basi. Ukurasa uliobaki ni mtupu. Najaribu kuujaza sasa, na nikikosea mahali, iwe ni kwa kusahau, siyo kwa kujipendelea.

Mimi ni mtunza stoo ya mashuka na turubai, hapa Karatu, katika kampuni kubwa ya hoteli na kambi za watalii. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kwa hiyo makao makuu walipotangaza mpango wa kuwasaidia wafanyakazi kuanzisha biashara ndani ya kampuni, na meneja akaniita nikae kwenye kamati ya kuujenga, nilidhani amekosea mtu.

"Mama Stoo," akasema, "wewe hupendelei. Hata mtu wa ukoo wako ukimnyima shuka unamnyima."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuelewa. Mfanyakazi analeta wazo lake mbele ya majaji, hiyo ndiyo pichi. Likipita, anapewa chumba, vifaa na mshahara wa miezi sita alilee, na kampuni inakuwa mbia wake. Mkufunzi, dada mmoja aliyetoka Dar, aliyaita mawazo hayo startapu. Madereva wakayaita vifaranga, wakawa wanaulizana asubuhi, "Chako kimeshatotolewa?"

Kwenye kamati nilikaa kimya wiki mbili. Ya tatu nikasema, na yote niliyosema yakapita, jambo ambalo halijanitokea popote, hata nyumbani. Nilisema kila mtu apewe dakika tatu, zihesabiwe toka anapovuka mlango, mkubwa na mdogo sawa. Nilisema mjumbe wa kamati asimnong'oneze mshindani jambo ambalo wengine hawajaambiwa. Nikasema pia kwamba majaji wote ni watu wa ofisini, na nusu ya wafanyakazi wetu ni watu wa mifugo, basi angalau jaji mmoja awe mzee wa wafugaji. Mkufunzi aliandika yote kwenye ubao, akanipigia makofi. Sitaki kuficha, nilifurahi sana.

Sasa, kulikuwa na mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi stoo, kibarua, Mmasai wa Nainokanoka, mama wa watoto wawili. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule, kambi zikifungwa kwa masika. Baada ya hapo hakuwa na kitu. Bomani kwao, ndani ya hifadhi, watu waliambiwa wahame; wengine walishahama, waliobaki walikuwa wanangoja, na hakuna aliyejua wanangoja nini. Mpango ule ndio uliokuwa mlango wake pekee.

Na wazo lake lilikuwa zuri. Turubai za mahema zikichakaa kwa jua kampuni inazirundika nyuma ya gereji, zinaoza. Yeye alichukua kipande, akashona mfuko wa pande mbili wa kumtandika punda, dumu la maji huku, dumu huku, na katikati akashindilia blanketi kuukuu. Punda wa huko wana vidonda mgongoni kwa kamba. Alimjaribishia punda wa mama yake, kidonda kikakauka, kikapona. Mfuko wa kwanza jirani aliuomba, wa pili ukagombewa.

Tulifanya mazoezi kati ya marundo ya mashuka. Hilo halikukatazwa, kila mjumbe alikuwa na wake wa kumsikiliza.

"Salamu moja tu," nikamwambia. "Shikamooni wazee. Halafu punda."

"Dada, niingie kama askari wa geti? Shikamoo, kibali kiko wapi?"

"Ndivyo hasa."

Alicheka mpaka akakalia mashuka niliyokwisha kupiga pasi. Lakini alijifunza. Mara ya mwisho alimaliza na sekunde zikabaki.

Siku yenyewe mimi ndiye niliyehesabu muda, kwa simu. Alitangulia dereva mmoja. Wazo lake lilikuwa kuwakodishia wageni darubini na makoti ya baridi pale ukingoni mwa kreta. Nisiseme kwamba lilikuwa baya, lilikuwa zuri tu. Akafuata mpishi. Alishikwa na kigugumizi, na simu yangu ilipolia kwamba dakika tatu zimekwisha alikuwa bado kwenye jina lake la biashara. Nikamkatisha. Alinitazama kama nimemmwagia maji.

Halafu akaingia mwenzangu, mfuko wa punda begani. Alifungua mdomo aseme shikamooni. Akamwona yule jaji mzee wa wafugaji.

Mzee alikuwa amekaa mwisho wa meza, koti juu ya rubega, fimbo kwenye magoti. Alikuwa wa rika la baba yake mzazi. Kwao, binti hampiti baba wa rika hilo kwa salamu ya jumla. Aliuweka mfuko chini, akazunguka meza, akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini.

"Takwenya," akamsalimia kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia.

Mimi ni Mwiraqw, Kimasai changu ni cha sokoni, lakini habari zile nazijua. Watoto wazima? Wazima. Ng'ombe? Wapo. Ndama? Wawili walikufa. Mvua imefika? Imefika upande wa juu. Baba yako mguu unaendeleaje? Na kila alichoulizwa akajibu kikamilifu, kisha naye akauliza, kwa sababu kujibu bila kuuliza ni kumfukuza mtu. Mkurugenzi, naye mmoja wa majaji, alikuwa anatabasamu. Mkufunzi aliwapiga picha. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Alirudi mahali pake, akanyanyua mfuko. "Punda wa kwetu," akasema, "wana vidonda mgongoni, kwa hiyo mimi..."

Simu ikalia.

Meneja akanigeukia. "Mama Stoo, muda?"

Hapo ndipo ninaposimama kila ninapokumbuka. Ningeweza kusema nilichelewa kubonyeza. Wangeniamini, ndiyo maana nilikuwa pale. Lakini mpishi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, namwona.

"Umeisha," nikasema.

Akakunja mfuko. Majaji wakaandika alama. Mzee akamwinamia mkufunzi, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Huyu binti ataanza kusema lini?"

Dereva akashinda. Nilimpa mkono.

Nilimkuta mwenzangu nje, anakwangua tope kwenye kiatu na kijiti.

"Ulijua atakuwepo?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, dada. Ningemtafuta jana nimsalimie. Habari zingekuwa zimekwisha."

"Nilikatazwa kumwambia mmoja."

"Na nani?"

Kanuni ilikuwa yangu. Akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Mimi nisingeweza kumpita. Ningempitaje?"

Nilirudi kwa meneja nikamwomba amsikilize tena. Hakuwa mkali. Alinionyesha karatasi. "Utaratibu uliuandika wewe mama. Nikimrudisha huyu, mpishi nitamwambia nini?" Na ni kweli. Nimelitafuta kosa kwenye maneno yake, sijaliona. Kwa mzee silioni, yule alimpokea mtoto wao kama anavyotakiwa. Linabaki langu, na hata hilo sina hakika ningelifanya vingine. Hicho ndicho kinachonichosha. Mpango nao haukurudi mwaka uliofuata. Makao makuu walisema unatathminiwa. Dereva ana makoti yake, biashara inakwenda. Mwenzangu aliondoka mkataba ulipoisha, na namba yake haipatikani tena.

Jioni ile nilikuwa nimemwalika kwangu, nilimwalika asubuhi kabla ya yote, aje tufurahi. Nilinunua na nyama ya mbuzi kidogo. Tulimngoja, watoto wakaanza kusinzia mezani, nikapakua. Tulikula ugali, ile nyama, na mgagani uliopikwa na maziwa. Mume wangu aliuliza mgeni yuko wapi, nikamwambia kuna tope.