Miguu ya Taa Kumi

Mimi ni seremala wa mji wa Sultan Hamud, na shule niliachia darasa la pili. Ninachojua nilijifundisha. Kwa hivyo nilipojenga sanduku la mchezo wa video, lenye televisheni na vifungo kumi vya kubonyeza, sikuomba mtu msaada. Nilitaka kila kifungo kiwake. Nikanunua taa kumi, ndogo kama punje za ndengu, kwa Mama Mwikali fundi wa redio.

"Mzee, hii miguu yake—"

"Mama, nilishika waya kabla hujazaliwa," nikamkata, nikaondoka.

Nyumbani niliona kila taa ina mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kiti cha namna hiyo singemuuzia hata adui. Nikachukua koleo, nikaikata yote ikalingana.

Siku ya kufungua mchezo huo sokoni, pasta wetu aliomba, tukasema amina, nikawasha. Taa nne ziliwaka, sita zikakataa. Nikatangaza mbele ya watu wa soko, wateja wa Mama Mwikali wakisikia, kwamba ameniuzia taa zilizokufa.

Alikuwa hapo. Alifungua sanduku nyuma, akaigeuza taa moja, ikawaka. Akageuza nyingine, ikawaka.

"Mguu mrefu ndio unaonyesha upande wa chanya, na taa ikiunganishwa kinyume haiwaki," akasema. "Ni nani ameikata miguu hii?"

Pasta akainama, akatazama miguu ya kiti alichokalia, nilichomtengenezea mimi, yote minne sawasawa.

"Mama," akasema, "huyo fundi tunamjua."