Nne kwa Kumi

Kwa miaka thelathini na minane ya kushika chaki, Mwalimu hakuwahi kumpa mtoto wa mtu alama kumi. Insha bora kuliko zote ilipata sita, na aliyeiandika alitembea kifua mbele wiki nzima. Wanafunzi walimwita Mama Nne. Alijua, akajifanya hasikii.

Sasa alikuwa amestaafu, na nyonga ilikuwa inamtafuna. Mwezi wa pili huu mkamwana wake ndiye aliyemfunga kamba za viatu, amepiga magoti, naye Mwalimu akikodolea dari macho mpaka kazi ile iishe.

Zahanati ilikuwa na dawa ya maana. Ila ilikuwa imeletewa pia fomu: mgonjwa ayape maumivu yake alama, sifuri hadi kumi. Ukifika saba, unamwona daktari. Chini ya hapo ni vidonge vilevile na pole. Watu wa foleni waliielewa fomu ile upesi. Dereva mmoja aliyebanwa kidole na mlango alitaja kumi, akaongeza kwamba angetaja zaidi kama nafasi ingekuwepo.

Mwalimu aliikagua fomu, akasahihisha neno moja kwa kalamu yake, akajipa nne. Alikwenda mara tatu, akajipa nne mara tatu, akarudi na vidonge vilevile.

"Mama, jana ulilia bafuni," mkamwana alimnong'oneza.

"Nililia nne."

Mara iliyofuata mkamwana hakungoja fomu. Alimshika mkono mkwewe, akagonga mlango wa daktari. Daktari huyo aliwahi kukaa dawati la nyuma darasani kwa Mwalimu. Akamwamkia, akaitazama ile nne kwenye faili, akaitambua kama mtu anavyomtambua jirani wa zamani.

"Mwalimu, tuseme maumivu haya ni mwanafunzi wako. Angekuwa wa ngapi darasani?"

Mwalimu alifikiri, asije akamwonea mtu.

"Wa kwanza," akasema taratibu. "Wa pili yuko mbali sana."

Daktari akaandika tisa.

"Unagawa maksi bure, mwanangu."

"Leo ninayesahihisha ni mimi, Mwalimu."

Akampima nyonga, akambadilishia dawa, akamwonyesha mazoezi ya kunyoosha mguu.

Wiki tatu baadaye Mwalimu alirudi, viatu amevifunga mwenyewe, fundo la kushoto limepinda. Kwenye fomu aliandika mbili. Daktari akamuuliza hali ya yule mwanafunzi wake.

"Ameanza kuzembea," akasema Mwalimu. "Na safari hii simwiti mzazi."