Sahani ya Shemeji

Watu wema nao wanaweza kukumaliza, muulize Mama Pindo. Huyu ni fundi cherehani, mjane, jina kapewa na wateja kwa jinsi anavyokazania pindo la nguo linyooke. Tangu mumewe afariki, marafiki wawili wa marehemu, Dereva na Mwalimu, huja kwake kila mwisho wa mwezi, eti asijione mpweke. Wanamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe kana kwamba yeye ndiye mgeni.

"Shemeji, usishike sufuria! Sisi tupo."

Kisha wanapiga simu mgahawani, na kinacholetwa ni kile kile: maini ya kukaanga, kipenzi cha marehemu. Sahani iliyojaa kuliko zote anawekewa yeye.

Na yeye, jamani, maini hayapendi hata chembe! Harufu tu inamtibua roho. Miaka yote ya ndoa aliyala kumfurahisha mume, akisema matamu, na mume akaenda zake akiamini hivyo. Sasa anayala kuwafurahisha marafiki wa mume. Anatafuna, anameza, anashushia maji, anatabasamu.

Jumamosi hiyo akasema liwalo na liwe. Dereva alipotoa tu simu na kupiga, Mama Pindo akampokonya.

"Leo naagiza mimi."

 Mwalimu akavua miwani. Kule mgahawani akapokea mwanamke mwenye haraka zake, vyombo vinagongana nyuma yake. "Haya mama, nikuwekee nini?"

Lo! Swali dogo namna hiyo likamshinda. Nani aliwahi kumuuliza? Kwa baba yake alikula kilichopikwa, kwa mumewe akala alichopenda mume. Yeye anapenda nini? Kuku? Samaki? Alijitafuta asijione. Alijua asichokitaka tu, na hicho hakiagizwi.

"Mama, upo? Nina watu hapa!"

Akageuka. Wanaume wale walikuwa wanamtazama, macho yamewalowa. Mdomo ukamsaliti.

"Maini," akasema. "Yale yale."

Dereva, jitu zima na mabega yake, akaangua kilio. "Hajamsahau mwenzake! Unaona, Mwalimu? Hajamsahau!"

Mwalimu akamshika Mama Pindo mkono. "Shemeji, utusamehe. Njiani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba leo iwe mwisho. Tuliona kama tunakuchosha, tukasema tukuache upumue. Kumbe wewe mwenyewe unataka! Basi, kuanzia sasa tutakuja kila wiki."

 Mama Pindo aliwatazama, akaona wanampenda kweli, na hilo ndilo lililommaliza nguvu.

"Karibuni," akasema, akaenda kutoa sahani kabatini.